Uliza Anko wa Toi: Mbona mwanajeshi haingii kwenye chopa?

Anko shikamoo. Mimi ni mama wa kijana wa miaka tisa, niko Nakuru. Shangazi yake alimletea toka Marekani wanajeshi wa plastiki wakubwa wakubwa, wale wa inchi 12 wenye nguo za kitambaa. Sasa nimemtafutia helikopta ya jeshi online, imefika, mwanajeshi haingii hata kichwa! Muuzaji anasema ni ya "action figure", yaani wanasesere kama hao wanajeshi, sasa nimekosea wapi?

Marahaba mama. Hujakosea popote, shida ni kwamba neno hilo "action figure" linabeba watu wa saizi tofauti kabisa na wauzaji wengi hawajali. Kuna wale wa inchi 12, yaani kama sentimita 30, hao ni kipimo cha 1:6 maana ukizidisha 30 mara 6 unapata mtu wa mita 1.80. Halafu kuna wadogo wa inchi 3 na robo tatu, kama sentimita 9 na nusu, hao wanahesabiwa 1:18. Helikopta nyingi unazoziona online zimetengenezwa kwa ajili ya hao wadogo, na kuna sababu.

Chukua Black Hawk ya kweli, ile helikopta ya jeshi la Marekani. Mapanga yake yakizunguka yanafagia duara la upana wa mita 16 na kitu. Sasa igawe kwa 6 ili imfae mwanajeshi wa kijana wako, unapata mapanga ya mita 2.7, godoro lako la sita kwa sita halifiki hapo, na bado hujaweka mkia. Nani atainunua na ataiweka wapi? Ukiigawa kwa 18 inashuka mpaka sentimita 91 hivi, hiyo angalau inapita mlangoni. G.I. Joe, mwanajeshi wa plastiki wa kampuni ya Kimarekani ya Hasbro, alianza 1964 akiwa wa inchi 12, akaacha kutengenezwa katikati ya miaka ya 70, aliporudi 1982 akarudi mdogo wa inchi 3 na robo tatu, na hapo ndo magari, vifaru, ndege na chopa zikamwagika madukani kwa sababu sasa zilikuwa zinatengenezeka kwa bei ya mzazi wa kawaida. 1985 walithubutu mpaka meli ya kubebea ndege yenye urefu wa zaidi ya mita 2, sasa fikiria ingekuwa ya wale wakubwa.

Kwa hiyo mama, ukitaka chopa ya wale wa inchi 12 tafuta zile ndogo ndogo za umbo la yai, Wamarekani wanaiita Little Bird. Ile ya kweli mapanga yake ni kama mita 8 tu, kwa hiyo ya 1:6 inakuja mita 1.3 hivi, bado ni kubwa lakini sebule inavumilia. Na kijana ataipenda maana ni ukoo mmoja na zile MD 500 ambazo jeshi la Kenya limekuwa nazo miaka mingi, Januari 2020 likapokea nyingine 6 mpya za MD 530F. Ile uliyonunua usiitupe, mtafutie wanajeshi wadogo wa kuikalia, ni rahisi kuliko kubadilisha chopa. Na siku nyingine usimuulize muuzaji "inafaa?", muulize mwanajeshi wake ana sentimita ngapi.

Anko mambo, niko Dar. Nimeokota kwenye mitumba chopa ya kijani nyembamba, viti viwili kimoja mbele kimoja nyuma, na jamaa mmoja ndani ameandikwa 1983 mgongoni. Jamaa kakatika kiunoni, miguu huku kifua kule. Ndo basi tena?

Poa kaka. Kama ni nyembamba hivyo na viti vimefuatana basi inawezekana kabisa una Dragonfly ya G.I. Joe, ilitoka 1983 ikiwa na rubani wake Wild Bill. Wembamba wake umeigwa kwa AH-1 Cobra ya kweli, helikopta ya vita ya Marekani, ambayo mwili wake haufiki hata mita 1 kwa upana, mpiga risasi anakaa mbele na rubani nyuma kwa juu kidogo. Kwa hiyo Wild Bill mrudishe kiti cha nyuma, watu wengi wanamkalisha mbele inaniuma roho. Ila hiyo 1983 ya mgongoni ni mwaka wa hakimiliki, isikufanye uapie kwamba katengenezwa mwaka huohuo.

Jamaa hajafa. Ndani ya hao wa miaka ya 80 kuna oringi nyeusi, raba ya duara, inashikilia kifua na miguu, na raba ikikaa miaka 40 lazima ikauke ikatike. Mgongoni ana skrubu moja, ifungue kwa bisibisi ndogo ya nyota, kifua kitaachana vipande viwili, utaona kidude cha chuma cha umbo la T kinachounganisha miguu, kina ndoano. Oringi inashikwa na hiyo ndoano, inapita katikati ya kiuno, inapanda kuvishwa kwenye kijiti kilichopo ndani ya kifua. Nenda kwa fundi bomba au duka la spea za pikipiki na ile iliyokatika wakupe inayofanana, ukikosa yenyewe kabisa chukua laini kidogo kuliko ngumu, maana ngumu itavunja nyonga na nyonga haina spea. Ukirudisha skrubu kaza mpaka ishike tu, achana na mambo ya kukaza kama tairi.

Naweza kufunga mwanajeshi kwenye helikopta ya rimoti ipae naye?

Hapana. Zile za bei nafuu zina mota ya kujiinua yenyewe tu, ukimpakia mtu inazunguka chini kisha inavunja panga.

Kioo cha chopa yangu kimepauka na kina mikwaruzo, fundi kanishauri thina. Nipake?

Usithubutu! Thina, asetoni, hata spiriti, vinaweza kukiua kioo cha plastiki, kinajaa ufa mdogo mdogo kama utando wa buibui. Kichomoe, osha na maji ya vuguvugu na sabuni ya vyombo, stika usizilowanishe. Mikwaruzo paka dawa ya meno nyeupe ya kawaida, isiwe ya jeli, zungusha na kitambaa laini taratibu kisha suuza. Kama tayari kina ufa, hapo tafuta kioo kingine.