Akianguka, atagonga nini?

Ajali kubwa ikitokea kwenye mbio za baiskeli za kulipwa, maneno huwa yale yale: vijana wa siku hizi hawapishani, breki za diski zinakamata mno, kasi imepitiliza. Nimeshindana mbio za ridhaa kwa miaka mingi, na tangu niache nimekuwa nikikagua njia kabla ya mbio, kisha siku yenyewe nasimama barabarani na filimbi na bendera ya njano. Mwandaaji akiniuliza aanzie wapi, namwambia habari ya nani kamwangusha nani aiweke kando kwanza. Watu zaidi ya mia wakibanana kwenye barabara nyembamba, magurudumu yatagusana tu. Cha kujiuliza ni mtu akishaanguka atagonga nini, na atakigonga kwa kasi gani.

Chukua yaliyotokea Katowice, Poland, Agosti 2020, kwenye mbio za Tour de Pologne. Wakiukimbilia mstari wa kumalizia, mwendeshaji Dylan Groenewegen aliacha njia yake, akambana mpinzani wake Fabio Jakobsen kwenye uzio, na akafungiwa miezi tisa. Haki yake. Lakini mstari wa kumalizia ulikuwa kwenye mteremko, waendeshaji walishaulalamikia miaka ya nyuma, na wanaume wale walikuwa wanakaribia kilomita 80 kwa saa. Uzio ukafumuka, Jakobsen akapita katikati yake, na hospitalini wakamweka kwenye koma kwa dawa. Nishati ya mwili unaokwenda hupanda kwa mraba wa kasi: kutoka 60 hadi 80 kasi imeongezeka theluthi moja tu, ila nishati imeongezeka karibu asilimia 80. Kwa hiyo kama hatua, yaani mbio za siku moja ndani ya mbio za siku nyingi, itaamuliwa na wakimbiaji wa mita za mwisho (waendeshaji wanaotimua mbio mstarini), imalizie tambarare, au bora zaidi kwenye kilima kidogo. Mkubwa fulani akitaka mstari uwekwe mbele ya jukwaa lake, jukwaa ndilo lihamishwe.

Uzio wenyewe siukagui kwa macho. Natembea mita mia tatu za mwisho kwa miguu, kiganja kikiburura juu ya vyuma, kwanza upande mmoja halafu mwingine. Kiganja kinakuta vitu ambavyo jicho linaviruka: waya wa bango la mdhamini uliobaki na ncha kali, pengo kwenye maungio, kipande kimoja kilichotokeza mbele ya mwenzake kwa upana wa vidole viwili. Kisha nainama kuangalia miguu ya uzio. Ikitokeza barabarani, pedali itanasa hapo, na mwendeshaji anayenasa pedali hana la kufanya tena. Uzio wa kufaa una uso laini usio na pengo, umeinama kuelekea kwa watazamaji, na miguu yake imejificha nyuma, ili mtu ausugue na kuteleza nao. Ule wa kukodi unaotumika kwenye mikutano ya hadhara ulitengenezwa kuzuia umati. Kama pesa inatosha uzio mzuri wa mita chache tu, usiutawanye. Uweke kwenye mita za mwisho, na uanze na upande ambao barabara inawasukumia watu.

Miteremko ndiyo inayoninyima usingizi. Aprili 2024, kwenye mbio za Nchi ya Basque, kaskazini mwa Hispania, kundi lilishindwa kona kwenye mteremko wa Olaeta, na pembeni palikuwa na mtaro wa zege, mawe na miti. Jonas Vingegaard alivunjika mtulinga na mbavu na pafu likatoboka; Remco Evenepoel naye alivunjika mtulinga. Kwenye nyasi tupu, sehemu kubwa ya kundi lile ingeinuka na michubuko. Nashauri mkaguzi ashuke kwa baiskeli, maana gari halikuambii lami imevimba wapi wala mchanga umejikusanya kona ipi. Kila kona asimame pale ambapo aliyeshindwa kuikata angeishia, ageuke, ahesabu vinavyomngoja. Huwezi kufunika mlima mzima kwa magodoro ya povu, kwa hiyo chagua: kwanza kona zinazozidi kujikunja ukiwa umeshaingia, kwa kuwa hizo humdanganya hata fundi. (Marobota ya nyasi kavu yanapendwa kwa sababu ni rahisi. Yakinyeshewa usiku kucha, yanakuwa mazito kama mawe.)

Mlinda njia naye asisimame kwenye kizuizi. Kwa kilomita 60 kwa saa, kundi linakata karibu mita 17 kila sekunde, na aliye katikati haoni chochote zaidi ya mgongo wa mwenzake. Simama mbali kabla ya kisiwa cha barabarani, na filimbi iwe kali kuliko kelele za mashabiki. Aliye nyuma atasikia kabla hajaona.

Halafu kuna redio za timu, zile ambazo wakurugenzi wa timu huongea nazo na waendeshaji wakiwa barabarani. Timu zenye wakimbiaji wa mita za mwisho zinataka kuwa mbele, na timu zinazomlinda kiongozi wa jumla, anayewania muda mdogo kuliko wote ukijumlisha hatua zote, zinataka kuwa mbele, na kila mkurugenzi anatoa amri ile ile kwa dakika ile ile. Njia ya kupunguza msongamano huo ni kuchukua muda wa jumla mapema, kabla ya mstari wa kumalizia, ili hao wa jumla wasiwe na sababu ya kung'ang'ania. Mwaka 2021 kwenye Tour de France, siku ya kumalizia Pontivy, waendeshaji waliomba muda uchukuliwe zikibaki kilomita 8. Wakakataliwa, na siku hiyo ikajaa majeruhi. Siku hizi kanuni ya kilomita 3, inayompa aliyeanguka karibu na mwisho muda wa kundi alilokuwa nalo, inaweza kusogezwa hadi 5 kwenye hatua za namna hiyo. Mwandaaji, iombe. Usingoje timu zilalamike.

Kadi za njano za uendeshaji wa hatari, zilizoanza kuadhibu mwaka 2025, naziunga mkono, mbili kwenye mbio moja na unatolewa. Ila zinafika baada ya mtu kuumia. Kwa mwendeshaji nina ushauri mmoja tu: ukigonga kichwa, usipande tena baiskeli kwa sababu unajisikia sawa. Ubongo uliotikiswa ndio huohuo unaokuambia uko sawa.

La mwisho ni la kumtafuta aliyeanguka bila kuonekana. Septemba 2024, kwenye Mashindano ya Dunia ya Zurich, Muriel Furrer, msichana wa miaka 18, alitoka barabarani msituni kukiwa na mvua, na muda mrefu ukapita kabla ya kupatikana. Alifariki kesho yake. Mashindano yaliyofuata, Kigali 2025, kila mwendeshaji alibeba kifaa cha GPS. Mbio zako zikikosa vifaa hivyo, weka mtu mmoja juu ya mteremko na mmoja chini, wote wakiwa na redio na orodha ya namba. Gari la kufagia, lile linalofuata nyuma ya mwendeshaji wa mwisho, likishapita chini na namba iliyosomwa juu haijafika, gari la wagonjwa linapanda mara moja, na asiwepo mtu wa kuombwa ruhusa.