Re: La Roque-Gageac bila gari, na watoto wawili

Salaam mkuu. Umesema mmefikia La Roque-Gageac, kile kijiji cha kando ya mto Dordogne huko Ufaransa, hamna gari, watoto wameshachoka kupiga picha za nyumba, na unauliza mfanye nini. Kwanza angalia kama wote wanajua kuogelea, maana wakodishaji wa mitumbwi watakuuliza hilo kabla ya bei. Kama wanajua, shukeni mto Dordogne kuanzia Cénac hadi Beynac, kama kilomita 9. Maji yanakusukuma yenyewe, na wakodishaji wengi hukurudisha kwa basi lao. Njiani mtapita kijiji cha Castelnaud. Simameni, mpande ngome. Ina makumbusho ya vita vya kale yenye mitambo mikubwa ya kurushia mawe, na wanangu waligoma kuondoka hapo. Ngome ya Beynac iko ng'ambo ya mto: enzi za Vita vya Miaka Mia kati ya Uingereza na Ufaransa, ngome hizi mbili zilikuwa mahasimu.

Jumatano au Jumamosi asubuhi chukueni teksi hadi soko la Sarlat, mji wa jirani. Lascaux, lile pango lenye michoro ya watu wa kale, achana na wazo la kuona pango lenyewe, limefungwa tangu 1963; mnaloingia ni nakala, nzuri kweli, ila Julai na Agosti kata tiketi mapema.