Unakwenda kujitolea kambi ya michezo Marekani? Anza na mtoto

Kila msimu wa maombi ukifika, vijana wa makanisani kwetu huniuliza yale yale: nimepata mwaliko wa kambi ya michezo ya Kikristo Marekani, nibebe nguo gani, nauli itafika ngapi, nikahubiri nini. Maswali mazuri yote, lakini mimi huwarudisha nyuma kidogo. Mzazi anayemshusha mwanawe wa miaka tisa getini anakukabidhi mtoto, usiku na mchana, kwa wiki nzima. Ukocha na mahubiri vinakuja baadaye.

Makaratasi nayamaliza haraka. Kaunsela wa kambi, yaani kiongozi anayewalea watoto kambini, huenda kwa visa ya J-1, ile ya programu za kubadilishana wageni: awe ametimiza miaka 18, asizidishe miezi minne, na alipwe sawa na kaunsela Mmarekani wa kambi hiyo hiyo. Fomu ya DS-2019, unayoombea visa hiyo, hutolewa na taasisi iliyoidhinishwa na Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani, na bima yako ya afya lazima ifike walau dola 100,000 kwa kila ajali au ugonjwa. Anayejitolea bila mshahara kwa mwaliko wa shirika la dini huenda kwa B-1, visa ya ziara ya muda mfupi, na barua ya shirika ieleze atakaa wapi, atafanya nini na kwa muda gani. Jua ya kwako ni ipi kabla hujakata tiketi. Na yeyote anayekuuzia "visa ya uhakika", mkimbie.

Utakutana na watu, huku nyumbani hata na huko, wanaoona mpira ni chambo tu cha kuwaleta watoto kwenye neno. Sikubaliani nao. James Naismith, aliyebuni mpira wa kikapu mwaka 1891 kwenye chuo cha YMCA, chama cha vijana wa Kikristo, pale Springfield, Massachusetts, alikuwa amesomea theolojia. Alitafuta mchezo wa ndani wa majira ya baridi usio na fujo, na sheria zake 13 za mwanzo zilikataza kusukumana, kushikana na kuangushana. Imani yake ilikaa ndani ya sheria za mchezo wenyewe. Ukisimamisha mechi kwa sababu mtoto dhaifu anachekwa, umeshafundisha kabla ya ibada ya jioni.

Sasa uwanjani. Kama umekulia kwenye mpira wa mtaani, mkono utakuwasha kuwafundisha kupiga kichwa. Uliza kwanza. Tangu mwishoni mwa 2015 shirikisho la soka la Marekani lilikataza kupiga kichwa kwa watoto wa miaka 10 kushuka chini, na kwa wa miaka 11 hadi 13 mazoezi yake yakapunguzwa. Mtoto akigongwa kichwani akawa mzito wa kujibu, au akalalamika kizunguzungu, anatoka na hachezi tena siku hiyo, hata kama ni fainali na analia arudi. Radi ikinguruma, wote ndani, na mnahesabu dakika 30 kutoka ngurumo ya mwisho. Ikinguruma tena mnaanza upya. Watoto watakusihi. Kaa imara.

Jambo moja linalowashtua wageni wengi ni karanga. Kwetu ukitoka safari unabeba zawadi, na kashata ni zawadi ya heshima. Kambini, kipande cha kashata kinaweza kumbana mtoto pumzi ndani ya dakika chache. Acha kashata nyumbani, beba vikuku vya shanga au khanga. Siku ya kwanza muulize muuguzi nani ana mzio, wa kitu gani, na sindano yake ya adrenalini iko wapi. Mwombe akuonyeshe kwa ile ya mazoezi: inachomwa paja upande wa nje, hata juu ya suruali, kisha 911, namba ya dharura ya huko, inapigwa hapo hapo.

Lililo zito kuliko yote ni hili: usibaki peke yako na mtoto mahali msipoonekana. Kwetu mtoto wa jirani unambeba, unamwogesha, unamlaza, hakuna anayeuliza. Huko utaratibu ni mwingine, na baada ya kuuishi nauunga mkono kwa moyo wote, natamani hata shule zetu za Jumapili ziuchukue. Mtoto akitaka kuzungumza nawe faraghani, kaeni kwenye benchi kando ya uwanja, watu wanawaona ila hawawasikii. Akikueleza kwamba kuna mtu anamuumiza, usimwahidi siri na usimhoji kama polisi. Msikilize, mshukuru kwa kukuambia, na saa hiyo hiyo mpelekee mkurugenzi. Katika majimbo mengi, kutoa taarifa ni wajibu wa kisheria.

Saa tatu usiku taa zikizimwa ndipo utamsikia wa kitanda cha juu akivuta kamasi. Anamlilia mama. Usimwambie ajikaze. Muulize jina la mbwa wake, mpe kazi ya kesho, labda kubeba koni za mazoezi. Mara nyingi asubuhi atakuwa wa kwanza mlangoni. Watakuita kwa jina lako tupu, bila shikamoo, bila kaka wala dada. Hawajakudharau, ndivyo walivyolelewa.

Kuhusu ushuhuda: sema kwa ufupi na useme lako. Tafadhali usiutumie umaskini wa kwetu kuwatoa watoto machozi ili mikono iinuke. Wapo walioletwa kwa sababu ya mpira wa kikapu tu, wapo wa nyumba zisizosali, na mtoto aliyechoka baada ya mechi tatu atakubali chochote. Anayeuliza, mjibu kwa ukweli. Anayenyamaza, mwache, na kesho mpe pasi kama wenzake.

Siku ya mwisho watakuomba namba ya simu na akaunti zako. Usizitoe kwa mtoto. Mwelekeze kwa mzazi wake au ofisi ya kambi, na kadi atakayokuandikia itakufikia kupitia huko.