Mdogo wako kafukuzwa kazi halmashauri? Hesabu siku 45 kabla ya yote

Mkuu mleta uzi, poleni sana. Nimekusoma: mdogo wako ni mtunza kumbukumbu kwenye halmashauri, hakufika kazini siku nane kwa sababu ya msiba na kuugua, akaandikiwa barua ajieleze, akajieleza, kisha baada ya miezi miwili akakabidhiwa barua ya kufukuzwa kazi. Wachangiaji wengi wanakuambia kimbilieni Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, hiyo CMA inayoshughulikia migogoro ya kazi. Naomba msianzie huko. Sheria ya Utumishi wa Umma ya Tanzania, Sura ya 298, ina kifungu cha 32A kilichoongezwa mwaka 2016: mtumishi wa umma lazima amalize kwanza njia za rufaa zilizomo ndani ya sheria hiyo ndipo aguse sheria za kazi. Nimewaona watu wakizungushwa CMA mwaka mzima, wanaambiwa shauri lao halikupaswa kufika pale, na wakigeuka nyuma muda wa rufaa umekwisha.

Nimefanya kazi ya afisa utumishi miaka zaidi ya ishirini hadi kustaafu. Kamati za uchunguzi nimezihudumu, barua za kufukuza watu nimeziandika kwa mkono wangu. Mojawapo bado inaniuma.

Alikuwa muuguzi. Alizika mama yake, akaugua hukohuko kijijini, akarudi siku ya kumi na moja. Utoro wa zaidi ya siku tano bila ruhusa wala sababu ya msingi ni kosa linaloweza kumfukuzisha mtu, na bosi wangu alitaka shauri liishe haraka. Tulimwandikia ajieleze, akajibu kurasa mbili, tukaambatanisha, nikaandaa barua ya kufukuza. Alikata rufaa Tume ya Utumishi wa Umma, nasi tukatakiwa kupeleka vielelezo. Usiku ule nilibaki ofisini na jalada lake mezani, nikihesabu namba za folio, yaani namba za nyaraka ndani ya jalada, zilizoandikwa kwa wino mwekundu pembeni juu. Folio ya 41, barua ya kumtaka ajieleze. Folio ya 42, majibu yake, na nyuma yake cheti cha zahanati ambacho hakuna aliyewahi kukifuatilia. Folio ya 43, barua ya kufukuzwa. Katikati hapakuwa na kitu. Hakuna notisi, hakuna hati ya mashtaka, hakuna taarifa ya kamati. Tulikuwa tumemfukuza mtu ambaye hatujamshtaki.

Tume ilikubali rufaa yake. Lakini kwa muda wote huo hakuwa na mshahara, na mtoto wake wa kwanza alikaa nyumbani akakosa muhula mzima.

Kwa hiyo mwambie mdogo wako afungue kifungu cha 23 cha Sheria. Mtumishi hafukuzwi mpaka mambo matatu yatimie: ameshtakiwa rasmi kwa kosa la kinidhamu, amepewa nafasi ya kutosha kujibu mashtaka hayo, na uchunguzi umefanyika kwa kufuata Kanuni za Utumishi wa Umma. Barua ya kutakiwa kujieleza si hati ya mashtaka. Hiyo ni ya uchunguzi wa awali, mwajiri anajiridhisha kama kuna jambo la kushtakia. Hati ya mashtaka inataja kosa lenyewe na namna lilivyotendeka, mtumishi anaijibu kwa maandishi, na akikana makosa mazito inaundwa kamati ya uchunguzi, anaitwa, anawahoji mashahidi, anatoa utetezi wake. Kama hakuiona hati wala kamati, hoja ya kwanza ya rufaa anayo tayari. Kanuni za mwaka 2003 zimeshaondoka, zipo mpya za 2022, kwa hiyo asinukuu namba za kanuni kutoka kwenye nakala za zamani zinazozunguka mitandaoni.

Rufaa inakwenda Tume ya Utumishi wa Umma ndani ya siku 45 tangu siku aliyopokea uamuzi. Siku aliyopokea ndiyo ya kuhesabu, si tarehe iliyochapwa kwenye barua, ndiyo maana ni muhimu aliposaini kuipokea aliandika tarehe gani. Nakala ampelekee mwajiri wake, agongewe muhuri wa masjala kwenye nakala yake mwenyewe. Asiporidhika na Tume, anapanda kwa Rais, na uamuzi wa Rais ndio wa mwisho katika ngazi za utumishi.

Jambo moja nisikufiche. Kushinda kwa hoja ya utaratibu hakumaanishi amesafishwa. Tume inaweza kumrudisha, na mwajiri akaanza shauri upya, safari hii kwa hati kamili. Kwa hiyo rufaa isibebe utaratibu peke yake. Atafute cheti cha hospitali, kibali cha mazishi, hata ujumbe wa simu aliomtumia msimamizi wake siku ya kwanza ya msiba.

Kuna mchangiaji ameandika kwamba serikalini ni kujuana tu, sheria ni pambo. Nakataa, ingawa najua hasira hiyo inatoka wapi. Kabla Sekretarieti ya Ajira, chombo kinachoendesha usaili wa kazi za serikali, haijaanza kazi, kila mwajiri alijiajiria, na niliziona orodha za usaili zilizokuja na majina yaliyopigiwa mstari. Leo nafasi zinatangazwa, kuna usaili wa mchujo wa kuandika, na aliyefaulu akakosa nafasi jina lake hubaki kwenye kanzidata. Kujuana nilikokuona mimi kumehamia kwenye kukaimu. Utaratibu unataka mtu akaimu kwa muda usiozidi miezi sita, lakini utamkuta amekaa kwenye kiti miaka mitatu, na mwenye sifa kamili anamwandikia dokezo. Hapo ndipo tungepaswa kupiga kelele.

Na sheria inayozuia asiye na sifa kuingia ndiyo hiyohiyo inayozuia mwenye sifa kutolewa kwa barua moja. Mdogo wako alifanya usaili akashinda watu. Hakupewa kazi kwa hisani, hawezi kunyang'anywa kwa kuchukiwa.

Umesema barua aliipokea wiki tatu zilizopita. Basi zimebaki siku 24. Wiki hii aandike barua kwa mwajiri kuomba nakala za mwenendo wa shauri lake, na asisubiri majibu ndipo aandike rufaa. Akituma kwa posta, risiti aitunze pamoja na bahasha ya ile barua ya kufukuzwa. Akikwama kupanga hoja, weka hapa maneno ya barua hiyo bila majina, nitayapitia.