Barua kwa mwanangu: kutoka Barabara ya 14

Mwanangu mpendwa,

Juzi kwenye simu uliniuliza, "Baba, moyo ulishakuangusha mara moja, unapata wapi ujasiri wa kutoka peke yako alfajiri?" Nilikujibu kwa mkato kwa sababu mama yako alikuwa karibu. Leo nimetulia.

Niliporudi kutoka Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, mshipa umeshazibuliwa na stenti, kijibomba cha kuushikilia usizibe, imewekwa, daktari alisema nitembee kila siku, niongeze kidogo kidogo. Miguu ilikuwa na nguvu, lakini hofu ilinishika. Kichomi chochote kifuani, hata cha gesi, kilinikalisha kitandani nikijihesabu mapigo. Nanyi mkaninyang'anya ndoo, mkaniondolea fagio, wajukuu mkawakataza kunirukia. Yalikuwa mapenzi, mwanangu, najua. Ila kila kilichoondoka mikononi mwangu kiliniambia: huwezi. Kuna usiku nililia, na hilo sijamwambia mtu.

Unakumbuka nilifundisha saikolojia chuo cha ualimu. Bandura, mwanasaikolojia wa Marekani, aliandika mwaka 1977 kwamba imani ya mtu kuwa jambo fulani analiweza hujengwa zaidi na kulifanya mwenyewe akafaulu, kuliko na maneno ya kumtia moyo. Nililiandika hilo ubaoni miaka mingi kabla halijanihusu.

Basi nikaifanya mitaa yetu ya Ngamiani, hapa Tanga, kuwa kipimo, maana ina namba. Siku ya kwanza nilitoka kwetu Barabara ya 14 nikaishia ya 13. Jasho likinitiririka, nikakaa kwenye benchi la muuza kahawa. Daktari aliniambia nikiweza kusema sentensi nzima bila kuhema, sijazidisha. Nikamuuliza yule bwana habari za watoto wake, mmoja mmoja, wote watano. Pumzi ikatosha. Wiki nzima niliishia hapo hapo, kisha ya 12, kisha ya 10. Kidonge cha kuweka chini ya ulimi kimo mfuko wa shati, simu ninayo, na kifua kikibana nasimama, sishindani nacho. Mwezi wa tatu tangu nianze, nilifika Barabara ya 1.

Wiki ile ile jirani yetu alifiwa. Nilikwenda makaburini kwa miguu, nikapokea jeneza hatua kumi hivi, nikampisha mwingine. Tangu niugue, siku hiyo ndiyo niliyojiona mtu kamili.

Kuna utafiti mmoja wa Marekani, wa mwaka 1985, nilioupenda sana. Wanaume waliotoka kupata shambulio la moyo walipimwa wakitembea kwenye mashine. Wake wengine walisubiri nje, wengine walitazama, na wengine walitazama kisha wakapanda wenyewe mashine ile ile. Hao waliopanda ndio walioamini kwamba mioyo ya waume zao inaweza.

Kwa hiyo hofu yako siilaumu. Hujatembea nami, basi. Ukija Idi uje na raba. Tutatoka baada ya swala ya alfajiri, mimi, wewe na mama yako, tushuke hadi Barabara ya 1, na njiani utanieleza habari zote za kazini kwako. Tukirudi, nusu ndoo ya maji ya kuoga nitajibebea mwenyewe; daktari ameruhusu.

Baba yako