Parkinson: dawa ifuate saa ya mgonjwa, si ratiba ya wodi

Ndugu uliyeuliza sisi wagonjwa tungependa nini kibadilike kwenye matibabu, kwanza pole kwa mama kugundulika na Parkinson, ugonjwa wa ubongo unaoleta kutetemeka na kukaza mwili. Mimi ni mwalimu mstaafu, nilianza kutetemeka mkono nikiwa bado nashika chaki, kwa hiyo nakujibu kwa niliyoyapitia.

Kikubwa kuliko vyote ni saa. Dawa yetu kuu, levodopa, hutolewa pamoja na kabidopa ili isiishie njiani kabla ya kufika kwenye ubongo. Miaka ya mwanzo ukichelewa kidogo huoni tofauti. Ugonjwa ukishakomaa, dozi ikichelewa mtu aliyekuwa akitembea vizuri anashindwa hata kufunga kifungo cha shati, sauti inafifia, miguu inanasa sakafuni. Nililazwa kwa malaria, dawa zangu zikafungiwa kabatini, nikawa napewa pale wodi nzima inapogawiwa. Malaria ikapona, lakini kujigeuza kitandani siwezi. Manesi walikuwa wema kabisa, ila hakuna aliyewahi kuwafundisha jambo hili. Uingereza wagonjwa wenzetu na chama chao wamekuwa wakilipigania tangu 2006, dawa itolewe kwa wakati wodini. Nasi tunataka hivyo: faili liandikwe saa kamili, si "mara tatu kwa siku", na mgonjwa anayejiweza aachiwe dawa zake mwenyewe.

Faili hilohilo lionye kwa wino mwekundu kuhusu metoklopramidi ya kuzuia kutapika na haloperidoli ya kutuliza mtu aliyechanganyikiwa. Zote mbili huzuia dopamini, kemikali ya ubongo inayoongoza mwendo wa mwili, ile ile ambayo levodopa inaturudishia.

Chakula nacho. Protini ya maharage, samaki au maziwa hugombania njia na levodopa, ndiyo maana wengi wetu tunameza nusu saa kabla ya kula. Kliniki ingetueleza hivyo siku ya kwanza, kwa vyakula tunavyopika nyumbani.

Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alinibandikia vipande vya utepe sakafuni, mlangoni ninapoganda. Nikilenga kuuruka mstari, mguu unanyanyuka. Utepe haugharimu kitu, na kila familia ingeonyeshwa.

Halafu kuna upupu. Mbegu zake zina levodopa ya kweli, na watafiti wameshaupima kwa wagonjwa nje ya nchi. Kwa kuwa vidonge vinaadimika na bei inatuumiza, natamani wataalamu wetu waufanyie kazi kwa vipimo sahihi. Tafadhali usimsagie mama nyumbani, kiasi kilichomo hakilingani mbegu kwa mbegu.

Kwa sasa mnunulie daftari. Aandike saa aliyomeza, saa mwili ulipofunguka, saa ulipokaza tena, na alichokula. Daktari akiliona ataweza kupanga dozi vizuri zaidi. Na dawa zikikaribia kwisha mzitafute mapema, kwani kuziacha ghafla ni hatari.