Mtori kwa mgonjwa wa malaria asiyetaka kula

Pole sana dada, na umfikishie pole mama mkwe. Umesema kapimwa malaria, kaanza dawa mseto (vidonge vya ALu), chakula hakipiti, na jirani kaleta majani ya mwarobaini. Hayo yaweke kando. Dozi ni mara 6 ndani ya siku 3, aimalize hata akijisikia nafuu.

Sasa mtori, supu yetu ya ndizi na nyama. Dawa mseto hufyonzwa vizuri ikikutana na mafuta, kwa hiyo hapa Moshi tumebarikiwa. Pita soko la Mbuyuni utafute ndizi mshare mbichi, chemsha na nyama ya mfupa na kitunguu mpaka ndizi zilainike kabisa. Toa mifupa, ponda kwa mwiko, tia maziwa na kijiko cha siagi. Uwe mwepesi, wa kunyweka kikombeni. (Mume wangu huutaka mzito wa kusimamisha mwiko, lakini yeye haumwi.) Nusu kikombe, halafu vidonge.

Kichefuchefu kikimsumbua, maji ya tangawizi, kidogo kidogo. Akitapika dawa kabla ya nusu saa, arudie dozi hiyo. Akitapika kila kitu, akiweweseka au macho yakiwa ya manjano, usingoje kukuche, mkimbize hospitali.